Lugha ya Mama na Lugha ya Vitabu: Habari za Nchi ya Ladakh

Mwalimu ye yote aliyefundisha watoto wadogo analijua jambo hili. Mtoto husimama na kitabu mkononi, akasoma mstari kwa mstari bila kukosa neno hata moja. Mzazi akipita dirishani na kumsikia, hufurahi. Lakini mwalimu akimwambia, "Funga kitabu, sasa utuambie umesoma nini," mtoto hunyamaza, akatazama miguu yake. Macho yamesoma, na kinywa kimesoma, lakini moyo haukupata kitu, kwa sababu maneno yale si maneno ayasikiayo jikoni kwa mama yake.

Jambo hili si letu peke yetu. Iko nchi moja mbali sana ambayo watu wake wamebishana juu yake kwa muda wa miaka zaidi ya mia, na mabishano yao hayajaisha. Nimeona vema niwasimulie habari zao, kwa kuwa wako Wakristo waliotia mkono katika kazi ile, na wamisionari waliofanya kazi ile ni wa Kanisa la Moravian, ndugu za wale waliofika Rungwe mwaka wa 1891. Kanisa moja liliwatuma watu katika milima ya huko na katika milima ya kwetu.

Nchi yenyewe yaitwa Ladakh. Iko kaskazini kabisa mwa Bara Hindi, nyuma ya milima mikubwa ya Himalaya, nayo imepakana na Tibeti. Mji wake mkubwa ni Leh, uliojengwa mahali palipoinuka zaidi ya futi 11,000 juu ya bahari, yaani kupita nusu ya urefu wa Kilimanjaro. Mvua ni haba mno. Watu hulima shayiri kwa maji ya theluji iyeyukayo milimani, wakiyaongoza kwa mifereji hata mashambani, kama Wachaga wafanyavyo. Wenyeji wengi ni watu wa dini ya Budha, na wengi wengine ni Waislamu. Wakristo ni wachache sana. Kwa hesabu ya mwaka wa 2011 watu wote wa Ladakh walikuwa kama 274,000 tu.

Kiladakh ni ndugu wa Kitibeti. Hapa ndipo lilipo fundo la habari hii, basi na tulieleze taratibu. Watibeti husimulia ya kuwa katika karne ya 7 mfalme wao Songtsen Gampo alimtuma waziri wake, Thonmi Sambhota, aende Bara Hindi kujifunza kuandika, naye akarudi na herufi zilizofaa lugha yao. Kwa herufi hizo vitabu vingi vya dini ya Budha vikafasiriwa, na tangu siku zile namna ya kuandika imebadilika kidogo tu. Lakini vinywa vya watu havikungoja. Miaka 1,300 imepita, na maneno yamegeuka katika kusemwa huku yakibaki vile vile katika kuandikwa. Kwa mfano, neno la hesabu ya nane laandikwa kwa herufi tano, ambazo kwa herufi zetu ni b, r, g, y na d. Lakini mtu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibeti, hutamka karibu na "gye", na watu wengi wa Ladakh hutamka karibu na "gyat". Mtoto anayeanza kusoma hana budi kukariri herufi ambazo sikio lake halizisikii.

Wala si herufi tu. Maneno mengi ya vitabu, na jinsi yanavyounganishwa, si yale ya nyumbani. Kwa hiyo watu wa huko huzitaja lugha mbili: moja huitwa chos-skad, maana yake lugha ya dini, na ya pili huitwa phal-skad, maana yake lugha ya watu wa kawaida. Hali hii yafanana na Ulaya ya zamani, ambako watu walinena lugha zao nyumbani, lakini kitabu cha maana kiliandikwa kwa Kilatini. Tena, kwa Wabudha wa huko maandiko ni kitu kitakatifu. Karatasi yenye maneno ya dini haitupwi chini wala haikanyagwi. Basi, mtu akisema, "Tuandike kama tunavyosema," wengine humwona kama mtu anayetaka kuingia mahali patakatifu na viatu vyenye matope.

Wamoravian hawakukusudia kwenda Ladakh hata kidogo. Katika mwaka wa 1853 wanaume wawili, August Wilhelm Heyde na Eduard Pagell, walitumwa kuhubiri Mongolia. Serikali ya Urusi ikawanyima njia. Wakazunguka kwa Bara Hindi, wakijaribu kupita Tibeti, na Watibeti nao wakawazuia mpakani. Walipofungiwa milango yote miwili, walijenga nyumba mwaka wa 1856 katika kijiji cha Kyelang, nchi ya Lahaul, iliyo kusini ya Ladakh. Njia ya kufika huko ilipita juu ya mlima kwenye kimo cha futi kama 13,000, na kwa miezi mingi ya kila mwaka ilizibwa na theluji. Heyde alikaa Kyelang mpaka mwaka wa 1898, wala hakurudi kwao Ujerumani mpaka miaka karibu 50 ilipokwisha tangu alipoondoka.

Mwaka wa 1857 akaja mwenzao Heinrich August Jäschke, mtu aliyekuwa na kipawa kikubwa cha lugha. Yeye ndiye aliyeianza kazi ya kufasiri Agano Jipya. Lakini kabla ya kuandika mstari wa kwanza, yampasa mfasiri aamue: nitaandika kwa lugha ya nani?

Jäschke aliona ya kuwa lugha ya kinywa hubadilika bonde kwa bonde. Lahaul yenyewe, nchi ndogo, ilikuwa na lugha za nyumbani zinazoitwa Bunan, Tinan na Manchad, na hakuna hata moja iliyokuwa Kitibeti. Akifasiri kwa lugha ya bonde moja, watu wa bonde la pili hawatasoma. Lakini lugha ya vitabu, ijapokuwa haikuwa lugha ya mama ya mtu ye yote, ilijulikana na wasomaji kutoka Ladakh hata Lhasa na mbele yake. Kwa hiyo alichagua lugha ya vitabu. Nasi tusimlaumu upesi, maana sababu yake ilikuwa nzito: alitaka kitabu kimoja kiifikie nchi kubwa ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuikanyaga.

Jäschke alirudi Ulaya mwaka wa 1868. Kamusi yake ya Kitibeti na Kiingereza ilitoka mwaka wa 1881, na wataalamu wameitumia hata katika siku zetu. Alifariki mwaka wa 1883, na Agano Jipya likachapwa mwaka wa 1885, baada ya wenzake kuimaliza kazi aliyoiacha. Mwaka huo huo Wamoravian walifungua kituo Leh.

Sasa tumtazame mtu mwingine aliyekuwa na mawazo mengine. August Hermann Francke alifika Leh mwaka wa 1896, naye mwaka wa 1899 akaanzisha kituo katika kijiji cha Khalatse, kando ya mto Indus. Huko aliishi kati ya wakulima, akawasikiliza. Alisikia nyimbo za arusi, mithali za wazee, na hadithi ndefu za mfalme shujaa aitwaye Kesar, ambazo wanavijiji walizisimulia jioni za baridi. Akaona ya kuwa lugha ile iliyodharauliwa, lugha ya watu wa kawaida, ilikuwa na utajiri mwingi usioandikwa. Akajiuliza kwa nini watu wenye maneno mazuri hivi waambiwe kwamba lugha yao haifai karatasi.

Mwaka wa 1904 alianzisha gazeti dogo la kila mwezi mjini Leh. Watu wengi hulihesabu kuwa gazeti la kwanza kabisa katika maandishi ya Kitibeti. Jina lake lilikuwa La-dvags kyi Ag-bar. Msomaji wa Kiswahili asilipite jina hili haraka. Neno la mwisho ni neno la Kiarabu, akhbar, lililofika Ladakh kwa njia ya Kiurdu. Kwetu limefika kwa njia ya bahari, nasi twasema "habari". Basi jina la gazeti lile ni "Habari za Ladakh", na neno moja limekaa katika milima ile na katika pwani yetu.

Gazeti lilichapwa kwa jiwe. Mwandishi huandika kwa wino wenye mafuta, maandishi yakahamishwa juu ya jiwe laini, kisha jiwe likaloweshwa maji. Wino wa kuchapia hushika penye mafuta na kukataa penye maji, na karatasi ikikandamizwa juu yake hutoka na maneno. Namna hii ilifaa sana mahali pa mbali, kwa kuwa haikuhitaji maelfu ya herufi za risasi. Ndani ya gazeti mlikuwa na habari za dunia, mambo ya kale ya Ladakh, na mithali ya wenyeji pamoja na mafundisho yake. Kusudi la Francke lilikuwa kuisogeza lugha ya kuandika karibu na lugha ya kinywa, ili mtu asiye mtawa apate kusoma na kufahamu. Tena alishughulika, pamoja na wenyeji, kuifasiri Injili ya Marko kwa Kiladakh na kwa zile lugha tatu za Lahaul ambazo Jäschke alikuwa ameziacha.

Je, kazi ile ilishika mizizi? Kusema kweli, kidogo tu. Wengi waliojua kusoma walijifunza kwa watawa au kwa vitabu vya dini, na maandishi ya lugha ya nyumbani yalikuwa machoni pao kama makosa ya mtu asiyekwenda shule. Wale wasiojua kusoma, ambao ndio waliokusudiwa kusaidiwa, hawakuwa na shule za kuwafundisha kwa lugha ile. Gazeti la Francke halikudumu miaka mingi, ingawa wamisionari waliomfuata walichapa magazeti mengine.

Kutoka kwa Wajerumani hawa tuwageukie wenyeji wenyewe, maana kazi ya lugha haiwi kazi mpaka iingie mikononi mwa wenye lugha. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Yoseb Gergan, ambaye baba yake alikuwa Mtibeti. Neno "gergan" katika lugha ya huko maana yake ni mwalimu, naye alistahili jina hilo. Alifundisha, alihubiri, akawa mmoja wa wachungaji wa kwanza wenyeji. Alikusanya mithali za watu, na habari za wafalme wa kale wa Ladakh akaziandika katika kitabu kikubwa ambacho mwanawe alikitoa mwaka wa 1976. Tena kwa miaka mingi alifasiri Agano la Kale. Karatasi zake zilisafiri kutoka Ladakh hata Ujerumani ili Francke azipitie, zikarudi tena milimani. Francke alifariki mwaka wa 1930. Gergan naye alifariki mwaka wa 1946, na Biblia nzima ya Kitibeti ikachapwa Lahore mwaka wa 1948. Tangu Jäschke afike Kyelang, miaka 91 ilikuwa imepita.

Ni kazi ya kushangaza. Lakini, wasomaji, tusiogope kusema jambo la pili pia. Biblia ile ilikuwa kwa lugha ya vitabu. Mama wa kijijini aliyekaa kanisani akiwa na mtoto mgongoni aliyasikia maneno mengi ambayo mtu alipaswa kumweleza tena kwa lugha yake. Kitabu kiliweza kwenda mbali sana, lakini hatua ya mwisho, ya kutoka mimbarani hata mkekani, ilikuwa ndefu.

Mtu aliyeihisi hatua ile alikuwa Eliyah Tsetan Phuntsog, Mladakh wa Leh na Mkristo. Katika miaka ya 1950 alileta shauri la kuandika Kiladakh kwa namna nyepesi ifuatayo matamko, ili mtoto aandike anavyosikia. Kwa mwalimu shauri hili laonekana wazi kama mchana. Lakini viongozi wa dini na watu wengi wenye elimu walilipinga kwa nguvu, likashindwa. Baadaye watu wengi walipoikimbia Tibeti mwaka wa 1959, Phuntsog aliondoka Ladakh akaenda kuwahudumia wakimbizi, na mwaka wa 1963 akaanzisha shule kwa ajili yao huko Rajpur, katika Bara Hindi.

Kwa nini alishindwa? Wapinzani wake hawakuwa wapumbavu. Walisema hivi: tukibadili herufi, watoto wetu watavisomaje vitabu vya babu zetu? Na kila bonde likiandika matamko yake, tutabaki watu wa namna gani? Sisi tu wachache, na maandishi haya ndiyo kamba inayotufunga pamoja na Tibeti nzima. Zaidi ya hayo, Phuntsog alikuwa Mkristo akigusa kitu ambacho jirani zake walikihesabu kuwa cha dini yao. Hata dawa njema, mgonjwa asipomwamini mganga, haitanywewa.

Lakini walioshinda nao hawakuwapatia watoto njia ya kusoma. Wakati wakubwa walipokuwa wakibishana juu ya lugha mbili za kwao, shule za serikali zilifundisha kwa lugha za wengine. Kwa miaka mingi ilikuwa Kiurdu, kisha Kiingereza kikaingia katika madarasa ya juu. Mwaka wa 1988 vijana wa Ladakh waliounda chama kiitwacho SECMOL, ili kuzitengeneza shule, walisema ya kuwa karibu wanafunzi 95 katika kila 100 walikuwa wakianguka katika mtihani wa darasa la kumi. Walieleza kwamba watoto hawakuwa wajinga, bali walibebeshwa lugha ngeni juu ya lugha ngeni, na vitabu vyenye kueleza mambo ambayo hawajapata kuyaona. Katika miaka ya 1990 vijana hao walitoa gazeti liitwalo Ladags Melong, maana yake Kioo cha Ladakh, lililokuwa na kurasa kwa Kiingereza na kwa Kiladakh. Wao pia walipoandika kwa lugha ya watu wa kawaida, walilaumiwa kwa yale yale waliyolaumiwa wenzao wa kwanza. Mabishano yapo hata leo.

Nimezisoma habari hizi mara nyingi, na kila mara najiuliza: nani alikuwa na haki? Nadhani Jäschke aliona kweli moja na Francke kweli nyingine. Lugha pana huwakutanisha watu wengi. Lugha ya mama humfikia mtu mmoja mpaka ndani. Kosa huanza pale watu wanapoiinua moja kwa kuidharau nyingine. Mtoto akianza kwa lugha anayoifahamu, hujifunza jambo kubwa kupita yote, ya kuwa maandishi ni maneno yenye maana. Akiisha kulishika hilo, anaweza kupelekwa katika lugha ya pili na ya tatu bila hofu. Lakini akianza kwa sauti tupu, hudhani ya kuwa kusoma ni kupiga kelele kwa mpango, na wengine hawaondoki katika dhana hiyo maisha yao yote.

Tena najifunza kwa Phuntsog na wapinzani wake kwamba haitoshi shauri kuwa jema. Lugha ni heshima ya watu. Wakiambiwa ya kuwa maandishi ya babu zao ni mzigo, watayashika kwa nguvu zaidi. Yafaa kwanza wauone uzuri wa maneno yao wenyewe, kama Gergan alivyowaonyesha kwa kukusanya mithali na habari za wafalme.

Sisi hapa Tanzania tumepewa Kiswahili, nacho ni baraka kubwa. Hakifanani kabisa na lugha ya vitabu ya Watibeti, maana hiki chanenwa sokoni na barabarani, na watoto wengi sasa huzaliwa nacho. Hata mimi nawaandikia ninyi kwa Kiswahili, kwa sababu nikiandika kwa lugha ya kwetu nitasomwa na watu wa milima miwili. Hapo mimi ni mwanafunzi wa Jäschke, wala sioni haya. Lakini ziko nyumba nyingi vijijini ambamo mtoto husikia Kinyakyusa, au Kisukuma, au Kigogo, hata siku anapoingia shuleni, na katika nyumba hizo mara nyingi nimemsikia mzazi akimkemea mtoto, "Acha lugha ya shamba!" Neno lile hunichoma. Mzazi hajui ya kuwa anamfundisha mwanawe kumdharau bibi yake.

Basi, ndugu zangu mnaojua kalamu, nawaombeni jambo moja lisilohitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Nunueni daftari. Jioni kaeni na mzee, mwandike mithali kumi kwa lugha ile ile anayoisema, na chini ya kila moja mweke maana yake kwa Kiswahili. Juma lijalo mwandike kumi nyingine. Wamisionari wa zamani waliandika mengi ya kwetu, nasi twawashukuru, lakini mgeni huandika alichokisikia tu, na wazee wetu hawakumwambia yote. Yoseb Gergan hakungoja mgeni aje kuwaandikia watu wake habari zao. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Na asili isiyoandikwa huondoka pamoja na mzee siku tumzikapo.